Kalamu imekwama kwenye kipengele cha jehanum

BARUA

Mama mshauri, shikamoo.

Nina miaka 29, nina mke na binti wa miaka miwili. Nilimaliza chuo cha Biblia mwaka jana na sasa ni mchungaji msaidizi kwenye kanisa la kiinjili huku Kanda ya Ziwa. Desemba, Mungu akipenda, nitawekewa mikono. Kabla ya siku hiyo kuna karatasi ya kutia sahihi, Tamko la Imani, vipengele 12. Kumi na kimoja navikubali kwa moyo wote, hata ukiniamsha usiku nitavitaja. Cha mwisho kinasema waovu watateswa jehanum wakiwa na fahamu zao, milele na milele. Karatasi iko ndani ya Biblia yangu tangu Mei. Nimeshaitoa mara nyingi, nimejaza jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kubatizwa. Pa sahihi ni peupe.

Chanzo ni kopi ya kurasa chache ambayo mkufunzi wetu mmoja alinipa nikiwa mwaka wa tatu. Ni za kitabu kilichotoka Uingereza mwaka 1988, ambamo David Edwards, kasisi wa mrengo wa kiliberali, anajibizana na John Stott. Mama, Stott kwetu si mtu wa kutiliwa shaka. Ndiye aliyeongoza kuandika Agano la Lausanne, lile tamko la Wainjili wa dunia, mwaka 1974, na chuoni ukitaka hoja yako ipite ulisema tu "Stott anasema". Sasa namkuta Stott huyohuyo akisema kwamba, kwa jinsi anavyoyasoma Maandiko, mwisho wa waovu unaonekana kuwa kuangamia kabisa, wala si kuteseka kusikokoma. Nilisoma bwenini kwa tochi ya simu, nikafika mwisho, nikarudi mwanzo.

Tangu hapo nimetafuta mengine. Nimesoma hoja za Edward Fudge, aliyeandika kitabu kizima mwaka 1982 akitetea huko kuangamia. Nimesoma na za upande wa pili, za mwanatheolojia J. I. Packer na wenzake wanaoshika mateso ya milele, maana sitaki kuwa mtu wa sikio moja. Nimekaa na Kigiriki changu cha kuungaunga. Mathayo 10:28 Bwana anasema juu ya yule awezaye "kuangamiza mwili na roho pia katika jehanum". Kuangamiza, Mama. Halafu nafungua Mathayo 25:46, nakuta adhabu ya milele na uzima wa milele ndani ya mstari mmoja, na moyo unarudi nyuma. Kwa hiyo sikuandikii nikiwa na uhakika. Labda sitini kwa mia.

Nilimweleza rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye. Hakufungua Biblia. Alicheka, akasema, "Huo ni Usabato, ndugu." Huku kwetu huo si utani. Kanisa la Wasabato liko ng'ambo ya barabara, na linafundisha waziwazi kwamba waovu watateketea waishe. Mchungaji wa kwetu akisema hivyo, hakuna atakayemuuliza amesoma nini. Watamuuliza Jumamosi anasali wapi.

Na nimeona yaliyowapata wenzetu Marekani. Mwaka 2011 kitabu cha mchungaji Rob Bell kuhusu jehanum kilikuwa hata hakijafika madukani, mchungaji mwenzake John Piper akawa ameshamuaga mtandaoni kwa maneno matatu: "Kwaheri Rob Bell". Msomi wa Biblia Peter Enns alisimamishwa kufundisha seminari ya Westminster mwaka 2008 kwa sababu ya alichoandika kuhusu Biblia. Wale wana pengine pa kwenda. Mimi nikitolewa, natoka kwenye nyumba ya kanisa, na mke wangu anatoka kwenye darasa lake la chekechea, maana shule nayo ni ya kanisa. Yeye nimemwambia. Aliniuliza swali moja tu: "Kwani lazima uwe na jibu?" Sikumjibu vizuri.

Kibaya zaidi, Agosti tuna mkutano wa injili wa siku tano, na nimepangiwa usiku wa nne. Usiku wa nne kila mwaka ni usiku wa jehanum. Inafungwa projekta, picha za moto, spika zinanguruma, na watu hutoka mbele kwa wingi kuliko siku zote. Mchungaji kiongozi kaniambia nimepewa heshima.

Nimalizie na jambo dogo. Bibi yangu mzaa baba, aliyenilea, alifariki miaka miwili iliyopita bila kubatizwa. Alikuwa mke wa pili wa babu. Alipoomba kuingia darasa la ubatizo, wazee wa kanisa walimwambia aachane kwanza na ndoa ile. Akawauliza, "Nimezaa watoto saba kwenye boma hili, nirudi kwa nani?" Basi kwa zaidi ya miaka ishirini alisali nje, kwenye kigoda, chini ya dirisha la upande wa mwembe. Tenzi alizijua kwa nambari. Kuna wimbo mmoja alikuwa akiuanzisha kulekule nje kabla kwaya haijasimama. Siku ya Meza ya Bwana alinyanyuka mapema akaenda kuwasha moto wa chai ya wageni. Alipokufa, jeneza halikuingia kanisani. Aliyehubiri pale uani alisema, "Wapo waliochelewa, na moto ule hauzimiki," akatazama kaburi. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa mwaka ule bibi alipokataliwa, na kwenye kikao alikuwepo. Hajawahi kulizungumza.

Naomba ushauri: nitie sahihi nikae kimya, au niseme?

Mwanafunzi wa Neno, Kanda ya Ziwa

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti, kama nilivyokuwa nikisoma mahubiri ya marehemu mume wangu kabla hajapanda madhabahuni. Mimi si mwanatheolojia. Nilikuwa mke wa mchungaji kwa miaka 34, na vitabu alivyoviacha wazi mezani nilivisoma yeye akiwa amelala. Kwa hiyo yapo ya vitabuni nitakayosema, na yapo ya nyumbani.

Kama nimekuelewa, unatakiwa kuahidi kwa maandishi jambo ambalo akili yako inalikubali nusu. Ukisema, unahofia kazi, nyumba, na kuitwa jina usilolichagua. Ukinyamaza, kuna usiku wa nne unakungoja na projekta yake. Hayo umeyaandika aya kwa aya, pamoja na miaka na majina. Kisha ukaniambia "jambo dogo", ukaniletea mama mzima ameketi kwenye kigoda chini ya dirisha. Huyo nitamrudia. Kwanza Stott, maana naona ulipewa kopi ya kurasa chache na nina wasiwasi zilikatwa wapi.

Mwaka 1988 Stott alikuwa anakaribia miaka sabini. Jambo hili hakulipigia tarumbeta; alibanwa na maswali ya Edwards, akajibu. Na alijibu kwa kusitasita. Alisema hafanyi msimamo huo kuwa sheria ya imani, anaushika kwa tahadhari, na kwamba alisita kuuandika kwa sababu anayaheshimu mapokeo ya kale ya kanisa na anaujali umoja wa Wainjili duniani. Alichoomba ni kwamba usomaji huo ukubaliwe kuwa mmoja wa usomaji halali wa Biblia. Halafu kuna pale alipokiri kwamba, kihisia, wazo la mateso yasiyoisha hawezi kulibeba, na haelewi watu wanaishije nalo bila kuiua mioyo yao au kuvunjika. Alipomaliza kusema hivyo akajigeukia mwenyewe: hisia hupanda na kushuka, haziwezi kuwa mwamuzi wa kweli, swali ni Neno linasema nini. Je, ukurasa huo ulikuwemo kwenye kopi yako?

Nakuuliza kwa sababu hizo sitini zako kwa mia sijui zimetoka wapi zote. Huenda arobaini ni Mathayo na ishirini ni kaburi. Hilo si kosa, kila msomaji ana kaburi lake mahali. Lakini lazima ujue ni zipi.

Kwenye Maandiko yenyewe sitakuamulia. Niruhusu tu nikuonyeshe kitu ambacho kimelala kwenye Kiswahili chetu na wahubiri wa usiku wa nne wanakipita mbio. Tajiri na Lazaro, Luka 16, ndio mfano unaohubiriwa kuliko yote mkiwasha zile spika, sivyo? Fungua uone tajiri yuko wapi. Yuko kuzimu. Jehanum ni neno jingine, na watafsiri wetu hawakuyachanganya. Ufunuo 20 kuzimu yenyewe inatupwa katika ziwa la moto, pamoja na mauti. Kwa hiyo hata anayeamini mateso ya milele kwa dhati hana budi kuuliza kama Luka 16 inasema habari za mwisho au za kabla ya mwisho. Na ile "milele" ya Mathayo 25: wenzake Stott wanasema Waebrania 9:12 inataja ukombozi wa milele, na hakuna anayedhani Bwana anaendelea kukomboa bila kumaliza, tendo lilikwisha, tunda lake ndilo la milele. Wanataja pia Sodoma, ambayo Yuda anasema iliadhibiwa kwa moto wa milele, na leo hakuna moto pale. Sasa upande wa pili. Augustino alishaliona jambo lako miaka 1600 iliyopita: ukiifupisha adhabu katika mstari ule, utaufupishaje uzima? Na Ufunuo 20:10 inasema "mchana na usiku", maneno magumu kuyazungusha, hata kama waliotajwa pale ni Ibilisi, mnyama na nabii wa uongo. Packer aliyapima haya yote mwaka 1997 akabaki upande wa kale. Nilichopenda kwake ni kwamba aliandika haimfurahishi kubishana kwa maandishi na ndugu anaowaheshimu, baadhi yao rafiki zake. Hapo hakuna "kwaheri".

Huyo Bell hebu mweke pembeni. Swali lake lilikuwa jingine, kama upendo wa Mungu mwishowe utamfikia kila mtu, na ukijilinganisha naye utaogopa kesi isiyo yako. Mtu wa kukufaa zaidi ni John Wenham, Mwingereza ambaye wanafunzi wengi wa theolojia walijifunzia Kigiriki kwenye kitabu chake. Mwaka 1991, kwenye mkutano wa wanatheolojia Edinburgh, alisema ameamini kwa zaidi ya miaka hamsini kwamba Biblia inafundisha kuangamizwa kwa waliopotea, na muda wote huo alisita kulitangaza wazi kwa maandishi. Miaka hamsini, mwanangu. Sikwambii umwige. Wapo watakaosema ni busara, wapo watakaosema ni woga, na mimi kila nikilifikiria hujikuta leo upande huu na kesho upande ule. Ninachokiona ni kwamba alikuwa na mahali pa kukaa na swali lake muda wote ule bila kuacha kumtumikia Mungu.

Na huo "Usabato". Rafiki yako alikujibu kama mtu aliyeogopa kwa niaba yako. Fundisho haliwi uongo kwa sababu jirani wa ng'ambo ya barabara analo, wala haliwi kweli kwa sababu Mwingereza mashuhuri analo. Muungano wa Wainjili wa Uingereza ulikaa na jambo hili, ukatoa ripoti mwaka 2000, ukasema mateso ya milele ndilo fundisho la wengi tangu kale, na kwamba wanaoamini kuangamizwa ni wachache lakini ni Wainjili kwelikweli, na hitilafu hii si ya msingi wa kwanza wa imani. Agano la Lausanne lenyewe, kazi ya mkono wa Stott, linasema wanaomkataa Kristo wanajihukumia kutengwa na Mungu milele, likaishia hapo. Kanisa lako limechagua maneno makali kuliko hayo. Ni haki yake. Lakini usidhani kila aliyetia sahihi kabla yako alikuwa amekisoma kile kipengele kwa tochi.

Swali ambalo sikuliona kwenye barua yako ni hili: sahihi hiyo, kwenu, ina maana gani? Kuna makanisa ambako ni kiapo kwamba ndivyo ninavyoamini moyoni, neno kwa neno. Kuna mengine ni ahadi kwamba sitafundisha kinyume. Mtu mwenye mashaka yako kile cha kwanza kitamsumbua kila siku, ahadi ya pili anaweza kuitia sahihi na kulala usingizi. Umeuliza? Naona umemuuliza mkufunzi, rafiki, mke, na mimi nisiyekujua. Askofu hujamuuliza.

Sasa bibi.

Niseme jambo litakalouma kidogo. Kopi ya Stott haimsaidii bibi yako. Kuna swali la nani watapotea, na kuna swali la waliopotea watakuwaje. Stott pale alikuwa anajibu hilo la pili. Kwake yeye pia aliyepotea amepotea. Ukimweka bibi kwenye hoja ile, utakachopata ni kwamba hatateswa milele kwa sababu hatakuwepo. Ndicho ulichokuwa unakitafuta bwenini? Mimi nimeisoma barua yako kwa sauti, na niliyemsikia ni mjukuu anayetaka bibi aingizwe ndani ya kanisa.

Tena nimeitafuta kwa kalamu mkononi sentensi inayosema bibi hakuamini. Haipo. Umeandika hakubatizwa. Ninyi ndio mnaofundisha kwamba mtu huokolewa kwa neema kwa njia ya imani na maji ni ishara, na pale msalabani kuna mnyang'anyi mnayemhubiri kila Ijumaa Kuu, naye hakupata hata darasa la ubatizo. Wale wazee walipima ndoa yake. Imani yake nani aliipima? Simweki bibi popote, hiyo si kazi yangu wala ya yule aliyehubiri uani. Nakuonyesha tu kwamba umebeba hukumu ya watu wengine kana kwamba ni matokeo ya utafiti wako.

Mkufunzi wako alikupa karatasi ya mwaka 1988. Kuna nyingine ya mwaka uleule ambayo hakukupa. Maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima walikutana mwaka huo kwenye mkutano wao uitwao Mkutano wa Lambeth, wakakubali kwamba mtu wa mitala anayemwamini Kristo anaweza kubatizwa pamoja na wake zake na watoto wake walioamini, akiahidi kutoongeza mke, na bila kulazimishwa kuwaacha alionao, kwa sababu ya hasara itakayowapata wanawake hao. Askofu David Gitari wa Kenya alikuwa mmoja wa waliolitetea jambo hilo. Ninyi si Waanglikana, najua. Nakutajia kwa sababu swali la bibi, nirudi kwa nani, kuna watu wa kanisa la Mungu waliolichukua mpaka kwenye kikao cha dunia.

Wala usifikiri mjadala huu ni wa Wazungu na sisi tunasoma kopi. John Mbiti, mwanatheolojia Mkenya wa Kitui, alichapisha kitabu mwaka 1971 akichunguza jinsi Wakamba wa makanisa ya misheni walivyopokea mafundisho ya mwisho wa dunia: jehanum, moto, mji, machozi. Alitaka kujua picha hizo zinageuka kuwa nini zikiingia kwa watu wenye hesabu yao wenyewe ya wakati, ya sasa na zamani. Mwaka 1975 Byang Kato, Mnaijeria aliyeongoza Wainjili wa Afrika, alimjibu kwa kitabu kilichochapishwa Kisumu, hapo ng'ambo ya ziwa lako, akimwonya kwamba njia ile inaelekea kusema wote wataokolewa. Wengi humchukulia Kato kama askari wa lango. Mimi hukumbuka kwamba alizaliwa kwenye nyumba ya dini ya jadi. Habari ya mababu kwake haikuwa mtihani wa chuo. Desemba ya mwaka huohuo akafa maji Mombasa, ana miaka 39. Wawili hawa walipishana vibaya sana, na wote wawili walikuwa wanawaza watu wao waliolala.

Basi ufanye nini? Nitakuambia ninavyoona njia zilivyo, uamuzi ni wako na wa mama mtoto.

Kutia sahihi na kunyamaza kuna bei yake, na bei hiyo hailipwi Desemba. Italipwa siku utakapoitwa kwenye msiba wa bibi wa mtu mwingine, uani, jeneza nje. Kusema madhabahuni, ghafla, ndiko ninakokuogopea zaidi. Aliyekuja mkutanoni na mtoto mwenye homa mgongoni hakuja kusikia sitini kwa mia zako, na ukianzia huko hakuna atakayekusikiliza tena hata ukiwa sahihi. Kati ya hapo kuna kwenda kwa askofu faraghani, ukiwa na karatasi yenye sehemu yake nyeupe, ukasema, "Baba askofu, vipengele 11 naviamini, hiki nakichunguza, naahidi sitakifundisha kinyume, je, nafaa?" Anaweza kukukumbatia, anaweza kukuahirisha mwaka mzima, anaweza kulipeleka kwenye kikao na kikao kikavuja. Yote matatu nimeyaona. Kabla ya kwenda, kaeni na mkeo mhesabu mna akiba ya miezi mingapi. Kodi ya chumba hailipwi kwa Kigiriki. Na kuhamia kanisa jingine, ikiwa ndilo liko nyuma ya kichwa, usilifanye ukiwa na hasira ya msibani. Mashaka utahama nayo kwenye begi.

Usiku wa nne unaweza kuomba kubadilishana na mwenzako bila kueleza sababu ndefu. Au uukubali, uombe projekta izimwe, umhubiri Bwana akiulilia Yerusalemu. Hukumu imo mle, na machozi yamo. Huenda watakaotoka mbele watapungua na mchungaji kiongozi akanuna. Jiandae kwa hilo.

Mkeo alipouliza kama lazima uwe na jibu, nadhani hakuwa anakupuuza. Mrudie, mjibu vizuri safari hii.

Lakini kabla ya askofu, na kabla ya Agosti, naona mtu mmoja hujamfikia. Baba yako alikuwa kwenye kikao kilichomfungia mlango mama yake mzazi. Umelitaja kwa sentensi mbili, moja ikiwa ni kwamba hajawahi kulizungumza. Na wewe je, umewahi kumuuliza? Sijui alipiga kura gani, au kama kura ilipigwa. Huenda alinyamaza akidhani wakati utafika wa kulirekebisha, haukufika. Huenda aliamini kabisa kwamba anatii Neno, na bado anaamini. Anaweza kukufokea, anaweza kuondoka, anaweza kulia, na mtu mzima akilia mbele ya mwanawe nyumba hutikisika kwa muda. Usimwendee na Stott. Usimwendee kama hakimu. Mwendee jioni akiwa na kazi mikononi, wavu wa kushona au jembe la kutia mpini, maana wanaume wa umri wake maneno huwatoka macho yakiwa kwenye kitu kingine. Muulize siku ile ilikuwaje, basi. Halafu nyamaza wewe.

Akikuambia, au asipokuambia, niandikie. Na ule wimbo bibi aliokuwa akiuanzisha pale dirishani, hukunitajia ulikuwa nambari ngapi.